Usishuke Tura

Mwanangu Kabula,

Salamu nazikata. Tunalala nyumba moja, shikamoo yako nimeipokea jioni hii ukiwa umenuna, na marahaba nimekuitikia nami nimenuna, kwa hiyo hilo limekwisha. Nakuandikia kwa sababu siku hizi kila nikifungua mdomo mbele yako, ama Shija analia, ama bibi yako anaingia, ama mimi mwenyewe napandisha sauti na wewe unaangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano. Karatasi haiinamishi uso.

Kesho unapanda treni pale Kigwa. Mkuu wa shule amesema nafasi yako inakungoja mara hii tu. Usipofika anapewa msichana mwingine, na ana haki. Habari za sabuni, za kufua soksi, za kutoazimisha kalamu, sitakuandikia. Ulikwishakaa huko muhula mzima ukarudi msafi kuliko ulivyokwenda. Nina neno moja tu: usishuke Tura. Mengine yote humu ni kukueleza sababu, maana nakujua, wewe hupokei neno bila sababu yake. Tabia hiyo umeitoa kwangu, na inanichosha.

Siku ile likizo ilipokwisha nilikusindikiza mwenyewe hadi stesheni, Shija mgongoni, Kulwa na Doto wakivutana nyuma yangu. Niliona treni ikikuchukua. Nikarudi nyumbani nikifanya kazi zangu huku nakupigia hesabu kichwani: sasa yuko Dodoma, sasa anapita Kilosa, sasa amefika, anatandika kitanda chake. Kumbe mtoto niliyempeleka Morogoro yuko kwenye benchi ya stesheni ya Tura, ameshuka na sanduku lake la bati, anasubiri treni ya kurudi kama mtu aliyekwenda sokoni akakuta soko limefungwa.

Nilikuwa nasonga ugali, nawe ukatokea nyuma ya jiko. Sanduku kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Ukasema, "Mayu, nimerudi kukusaidia."

Kabula, nilitaka kukuzaba kofi, na nilitaka kukukumbatia. Sikufanya hata moja. Nilisema, "Tua sanduku. Kachukue kopo, vitalu havijamwagiliwa." Na wewe ukaenda, mbiombio, kama uliyepewa zawadi.

Hapo ndipo nilipokosea, wala simtafuti mwingine wa kumtwika. Jua lilikuwa linashuka, mgongo unawaka, maji yako bondeni, na mbele yangu amesimama mtu mwenye mikono miwili mizima. Ningekurudisha stesheni kesho yake asubuhi. Nikasema apumzike kwanza. Baadaye nikasema tumalize kupanda mbegu. Kisha nikasema Shija apone kikohozi. Sababu haziishi kwa mtu aliyechoka. Ukiokota moja unakuta nyingine chini yake. Baba yako alipokuja kutoka kwenye genge lake la reli, akasikia, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Tura? Angalau angefika Manyoni, tukajua amejaribu." Kisha akala, akalala, akarudi kwenye reli yake, na mimi nikabaki na wewe na vitalu.

Bibi yako naye. Ningeandika barua nzima juu ya bibi yako, lakini nitakuandikia kipande kinachokuhusu. Unajua kwamba baba yake babu yako alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya watu hadi pwani na kurudi, na njia yao ilipita hapahapa petu, Kigwa, Tura, kisha Mgunda Mkali, lile pori lisilo na maji. Bibi yako anasema Tura ndipo mwanamume aliposhika moyo wake. Aliyeipita hakugeuka tena. Aliyerudi kutoka Tura wanawake walimwimbia nyimbo mpaka akatamani bora angekutana na simba. Nikadhani anataka kukuimbia wewe. Hapana. Alinigeukia mimi.

"Ulimwita kwa nyuma," akaniambia. "Nilikuona pale uani, yeye ametangulia. Msafiri akishakanyaga njia haitwi kwa nyuma. Ukimwita, nusu yake inageuka."

"Nilimwita kwa ajili ya matobolwa, mama. Aliyasahau."

"Hata yangekuwa dhahabu. Unamfuata unampelekea. Humwiti."

Nilikasirika siku mbili. Viazi vikavu vilivyochemshwa, hivyo ndivyo vilivyokushusha Tura! Nilitwanga mtama kwa hasira mpaka kinu kikasogea. Mtu umezaa, umelea, umelima shamba lako na lile la kijiji, bega kwa bega na wenzako, halafu kosa lako ni kwamba ulimwita mtoto achukue chakula chake.

Kisha siku moja nikawasikia Kulwa na Doto wanacheza nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Walikuwa wanacheza mama na mtoto. Kulwa ndiye mtoto, amekaa kimya, na Doto ndiye mama. Doto amejifunga kanga, amebeba gunzi mgongoni, ameshika kiuno. Anasema, kwa sauti yangu kabisa, hata ile pumzi ninayovuta katikati: "Nimechoka mimi. Vitalu hivi vitaniua. Kabula akiondoka, ndiyo nimekwisha. Nani atanisaidia, nyie? Nyie mnajua kula tu." Kulwa akauliza, "Sasa mama, nisiende shule?" Doto akamjibu, "Nenda, nenda. Ukirudi utakuta kaburi."

Nilisimama pale na ndoo kichwani nikashindwa kuitua.

Ni maneno yangu yote. Hakuna alilozidisha. Nimeyasema asubuhi nikifunga kuni, nimeyasema mchana, nimeyasema nikikuchana nywele usiku wa kuamkia safari yako ile. Kwangu mimi maneno hayo ni kama kukohoa. Mtu akiinua mzigo anaguna. Mguno wake si habari. Nilisahau kwamba kulikuwa na mtu anasikiliza, mtu mwenye akili, anayechukua kila neno na kuliweka mahali pake. Hukushuka Tura kwa uvivu, wala kwa woga. Ulishuka kwa sababu ulikuwa ukitii. Na mimi nikakununia kwa kutii.

Sasa nakuambia, na nakuambia mara moja: usiyaamini manung'uniko yangu. Nitanung'unika mpaka nife, na nitakapokufa haitakuwa kwa sababu ya vitalu. Nilinung'unika kabla hujazaliwa. Waulize watu.

Najua utasema, lakini mayu, kazi ni nyingi kweli. Ni nyingi. Lakini kumbuka tulikoanzia, maana ulikuwa mdogo, pengine unakumbuka wimbo tu.

Mwaka ule wa kwanza tulipohamishiwa hapa, kijiji kikiwa bado alama za vigingi porini, wanawake tulipewa kazi ya vitalu vya tumbaku ya kijiji. Mimi nikafanywa kiongozi kwa sababu nasoma. Basi tu, kwa sababu nasoma. Tumbaku nilikuwa naijua kwenye kiko cha babu yako. Bwana shamba akaja na baiskeli, akatuonyesha mbegu. Wanawake walidhani ni ugoro. Mbegu ya tumbaku ni vumbi, ukipiga chafya umepoteza shamba. Akasema tuichanganye na majivu na maji, tuimwagie juu ya kitalu kwa kopo lenye matundu, tusiifukie kabisa. Juu tuweke nyasi kidogo, nyepesi, maji yasikauke na mwanga upite. Akarudia: tusifukie. Akaondoka.

Tukatazamana. Wewe mwenyewe unajua tunavyopanda mahindi. Jembe linagonga, mkono unaangusha, mguu unavuta udongo na kukanyaga, unasogea. Mtoto anafundishwa hivyo tangu anapoweza kusimama. Mguu unafukia wenyewe, kichwa hakijaulizwa. Mbegu iliyoachwa wazi ni ya kuku, au ni ya mwanamke ambaye watu watamsema. Mama Nyamizi akasema, "Huyu mtoto wa watu amesoma, lakini hajalima. Kitu kinalala uchi hivi kitaotaje?" Wote wakanitazama mimi. Nami nikasema tufukie kidogo. Kidogo! Tukafukia kitalu chote, kwa upole, kwa wimbo, kama tunafunika mtoto mchanga.

Haikuota. Tulimwagilia, tukangoja, tukamwagilia. Ardhi ikatutazama. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba kopo lilikuwa linavuja, na tulipokuwa tunalibeba kutoka kitalu hadi kitalu mbegu zilidondoka njiani. Zile ziliota. Katikati ya njia, penye nyayo, kijani kibichi, zimejaa. Tulizozitunza zilikataa, tulizozikanyaga zikaota.

Mwenyekiti wa kijiji akaja na maneno makubwa. Akasema hii ni hujuma, kuna watu hawataki kijiji kiendelee, majina yapelekwe juu. Nilikuwa na mimba ya hao mapacha, nikajiegemeza kwenye mpini wa jembe. Bwana shamba ndiye aliyetuokoa. Alichutama, akachimbua kwa kidole, akatazama. Angeweza kusema niliwaambia. Akasema, "Mwenyekiti, hawa hawajahujumu. Wamepanda mahindi." Watu wakacheka, neno hujuma likafa palepale. Nikamuuliza, lakini kwa nini ikatae udongo, wakati mbegu zote za dunia zinataka udongo? Akasema, "Mama Kabula, hii inataka mwanga. Ndivyo ilivyo." Nikamuuliza inaujuaje mwanga. Akapanda baiskeli. Simlaumu, alikuwa na vijiji vingi, lakini swali lile lilibaki kwangu kama mwiba mdogo ambao haukutoki wala haukuui.

Mwaka uliofuata tukaacha kufukia. Zikaota vizuri, na mimi, kwa kuwa nimekwishaumwa, nikaogopa jua. Nikaongeza nyasi. Nikaongeza tena. Nilikuwa nachungulia pembeni naona miche inarefuka upesi kuliko ya kijiji cha jirani, nikajisifu, nikawaita wanawake waje waone urefu. Tulipofunua, ililala chini yote. Mirefu, myembamba, ya rangi ya manjano iliyokufa, na juu vijani viwili vimekunjana kama viganja vya mtu anayeomba. Nikasema kumbe kosa ni nyasi, nikazing'oa zote siku hiyohiyo, saa sita za mchana. Jioni ikawa imeungua. Mama Nyamizi akasema, "Kiongozi wetu anajua njia zote za kuua tumbaku, sasa imebaki ya kuikaanga."

Leo tunafunua polepole, jioni kwa jioni, tunapunguza nyasi mpaka mche uzoee. Nimejifunza. Lakini nilijifunza kwa kupigwa, na bado sikujua kwa nini.

Halafu wewe ukaja likizo. Muhula mmoja tu! Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa kitalu kile cha mwisho, tunatengeneza udongo, nikakusimulia kama ninavyowasimulia watu wote, ili tucheke. Hukucheka. Ulichora chini kwa kijiti, kisha ukasema, "Mayu, mbegu ina kitu ndani kinachoona."

Nikakuuliza kama ina macho.

"Haina macho. Ina protini. Mwalimu wetu wa biolojia ametueleza, haimo kwenye kitabu, yeye ameisoma chuo kikuu. Si protini ya maharage tu, mayu, ile ya kujenga mwili. Ziko protini zinazofanya kazi kama walinzi. Hii mwanga mwekundu wa jua ukiigusa inageuka, inakuwa na umbo jingine. Ikigeuka, ndipo mbegu inapojua iko juu, inaota. Isipogeuka, mbegu inangoja."

Nikakuuliza, na mahindi? Ukasema punje ya hindi ina chakula chake tumboni, inaweza kupanda gizani mpaka itoke. Mbegu ya tumbaku haina akiba. Ikiota chini sana itakufa kabla haijafika juu, kwa hiyo haithubutu. Inasubiri mpaka ile protini iguswe. Nikaona mara moja wanawake wote wale na miguu yetu, tunafukia, tunaimba, na chini kuna walinzi elfu wanasema bado, bado, ni giza.

Kisha ukanieleza ile miche mirefu niliyojisifia. Ukasema mche ukiwa gizani unaweka nguvu yote kwenye urefu, unautafuta mwanga. Majani unayakunja, ukijani hautengenezi, kwa kuwa wa nini. Mwanga ukiigusa ile protini, amri zinabadilika: shina liache kukimbia, linenepe, majani yafunguke, yawe kijani. Kwa hiyo urefu ule haukuwa afya, mayu, ukaniambia, ulikuwa ni shida. Nilikumbuka nilivyowaita watu waje kuuona.

Na lile la kivuli. Ukasema giza la nyasi kavu si sawa na kivuli cha majani mabichi. Majani ya juu yanakula ule wekundu wa mwanga, yanaacha mwingine mzito zaidi upite, na huo mwingine unaigeuza protini irudi ilivyokuwa. Kwa hiyo mche unajua, bila macho, kama uko chini ya nyasi au uko chini ya mwenzake.

Nikakuuliza swali langu. Lile la mwiba. Protini imegeuka, sawa, iko pale ndani ya jani. Inaliambiaje shina? Anayepeleka habari ni nani?

Ukasema, "Mwalimu anasema hilo bado halijajulikana. Watu wanalitafuta."

Kabula, ulisema neno hilo uso ukiwa umewaka. Nakujua tangu ulipokuwa huna meno, sijawahi kukuona na uso ule. Mtoto mwingine akiambiwa halijulikani anafurahi, amepungukiwa na kitu cha kukariri. Wewe ulilisema kama mtu aliyeonyeshwa mlango uko wazi kidogo. Na mimi nikakaa kwenye udongo, mikono ina mbolea mpaka viwikoni, nikasema moyoni, basi. Huyu ndiye. Miaka yote hii namuuliza bwana shamba, namuuliza mwalimu wa kisomo, na mtu wa kwenda kulitafuta jibu nilikuwa namlisha mwenyewe.

Wiki mbili baadaye mtu huyo akashuka Tura akaja kunichotea maji.

Sasa umenielewa hasira yangu? Ningekuwa na binti mpumbavu, ningelala usingizi.

Usidhani nakuita mche. Watu wanaofananisha watoto na mimea wananichosha. Mche hauna mdomo wa kunijibu, hauvunji sufuria, na haujawahi kupanda treni. Lakini lile la kivuli cha majani mabichi limenikaa. Nimefikiri kwamba jani la juu halina ubaya wowote. Linajitafutia mwanga wake tu, limechoka, lina watoto. Na bado aliye chini yake anarefuka kwa shida, na watu wanapita wanasema tazama alivyo mwema, anavyomsaidia mama yake. Wanakusifu, unajua? Kijiji kizima. Mwenyekiti alisema mkutanoni kwamba wewe ni mfano wa kujitegemea. Nilitaka kumtupia kiatu.

Nikuambie la kwangu, kisha nimalize, mafuta ya taa yanakwisha na bibi yako anakohoa kunikumbusha.

Mimi niliacha darasa la tano. Siku zote nimewaambia kwamba shule ya misheni ilikuwa mbali. Mbali ilikuwa, lakini nilikuwa nafika. Mama yangu alijifungua, nikabaki nyumbani nimsaidie mpaka apate nguvu. Hakuna aliyenikataza shule, hakuna aliyenipiga. Mwalimu alikuja kuuliza, mama akasema namsaidia kidogo, mwalimu akasema binti mwema huyo, wakanywa togwa, akaenda zake. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala nasikiliza. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu akasirike. Baba, mwalimu, mtu yeyote, aseme huyu hapaswi kuwa hapa. Wote walikuwa wapole. Nikaolewa bado wapole, nikakuzaa wewe mimi mwenyewe nikiwa mtoto, na leo watu wakituona tumefuatana na ndoo wanadhani ni dada na mdogo wake. Mimi si mzee, Kabula. Nimechoka tu. Ni vitu viwili, na naomba usivichanganye, maana mtu aliyechoka akilala anaamka.

Kwa hiyo nikikukasirikia usiseme mayu hanipendi. Nakupa kile nilichongoja nyuma ya ghala.

Sasa lile ambalo lazima ulipate kwangu kabla hujalipata kwa watu, maana midomo ya hapa haina mlango. Leo alasiri, ulipokuwa umekwenda kumuaga shangazi yako, nilikwenda kwenye mkutano wa wanawake wa vitalu. Nilisimama nikasema kitalu chako apewe mtu mwingine. Si mpaka utakaporudi. Apewe, kiwe chake. Mama Nyamizi akauliza kama tumegombana. Nikasema ndiyo, lakini si kwa ajili hiyo. Kikapewa Nyamizi, ambaye amemaliza la saba na hakuchaguliwa, na amekuwa akikaa nyumbani akitazama ukuta. Kopo lako analo yeye. Hata nafasi yako ile ya kulala nimewapa Kulwa na Doto kuanzia kesho, wamekwisha kuigawana na kupigana.

Utalia, najua. Utasema nimekufukuza. Lia, una haki, lakini lilia upande wa dirishani, treni ikienda. Ukija likizo utakuja kama mgeni, tutakuchinjia kuku, utakaa kwenye kigoda na kunieleza umefika wapi na lile swali letu. Ila ukishuka Tura na kurudi hapa hutakuta kazi iliyokuwa inakungoja. Nimeitafuta sababu yako ya kurudi, nimeiona, nimempa mtu.

Nyamizi alianza jioni hii. Nilipita pale nikirudi na maji, nikamwona. Anamwagilia kama anayefukuza mbuzi, udongo unaruka. Nyasi ameziacha nene upande mmoja, upande mwingine hakuna kitu. Usiniulize kama anakifunika vizuri kama wewe. Hakifuniki vizuri.

Nitamfundisha.

Mama yako